Rais mpya wa klabu yetu ya Rotary kamaliza kikao cha kwanza bila kutangaza mradi. Mnasemaje?

Katibu_Mashariki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu popote mlipo, Kampala, Arua, Kasese, nanyi mlio kyeyo, kazini ughaibuni.

Naleta jambo ambalo kwenye kundi letu la WhatsApp limeshageuka ugomvi. Nimeona huku ambako hatujuani sura tutaongea vizuri zaidi.

Mimi ni katibu wa klabu moja ya Rotary (chama cha dunia cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii) mashariki mwa Uganda, mji wa njia ya malori ya mpakani. Klabu siitaji, na atakayeitambua namwomba anyamaze. Kwa wasiojua taratibu zetu: mwaka wa Rotary huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na rais wa klabu hukaa mwaka huo mmoja kisha anampisha mwingine. Kwa hiyo kila Julai tunapata rais mpya, na kila Julai hotuba tunaijua kabla haijasomwa. Kutakuwa na ndoto. Kutakuwa na mradi ambao wilaya nzima ya Rotary, yaani klabu zote za ukanda wetu, haijawahi kuuona. Kutakuwa na fulana mpya.

Rais wa mwaka huu ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mama mpole wa sauti lakini mgumu wa kauli. Sherehe ya kukabidhiana ilishapita: alivishwa mkufu, keki ikakatwa, picha zikapigwa mpaka mpiga picha mwenyewe akaomba maji. Hapo hakukuwa na neno. Neno limeanzia kwenye kikao cha kwanza cha kawaida, felowshipu yenyewe.

Kengele aliigonga saa kumi na mbili jioni, kamili. Ukumbini tulikuwa sisi wa meza kuu, sajini (msimamizi wa nidhamu wa klabu), na wazee kadhaa ambao huwahi kwa sababu ya chai. Huku kwetu saa kumi na mbili ndiyo saa mtu anaanza kutafuta boda. Tukaimba wimbo wa taifa hivyo hivyo, na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sauti zikipwaya. Waliochelewa walimkuta sajini mlangoni na kikapu cha faini, na hakuna aliyeponyoka. Rais aliyepita alilipa. Meneja mmoja wa benki, ambaye nadhani hajawahi kutozwa tangu ajiunge, naye alilipa, akitabasamu kwa meno tu.

Ikafika zamu ya hotuba ya rais. Simu zikatoka mifukoni. Mama akasimama, akashukuru, halafu akasema kwa kifupi: mradi mpya sina. Tuna kisima kibovu chenye jina letu, na tuna daftari la wanachama lenye watu wasiokuwepo. Mwaka huu tunaanzia hapo. Akaketi. Kuna mtu alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Sasa, hicho kisima. Kipo kijiji kimoja nje ya mji, kilizinduliwa enzi za rais wa mwaka juzi, pampu ya mkono ya aina ile tunayoiita U2. Kibao chenye gurudumu la Rotary kingali kinang'aa, maji hayatoki. Nafasi ya mzungumzaji mgeni, ambayo kikao cha kwanza huwa tunampa mbunge au mkurugenzi fulani, safari hii alipewa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kile kijiji pamoja na fundi wa pampu. Fundi alikuja na kipande cha bomba ndani ya gunia. Akakitoa, akakilaza juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu, kutu ikamwagika hadi karibu na kengele. Kilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Alieleza bila madoido. Maji ya ardhini ya eneo lile yana tindikali. Bomba la chuma lililopakwa zinki likikaa humo linaliwa polepole, maji yanageuka rangi, akina mama wanalalamika kwamba nguo nyeupe zinaharibika na chakula kinabadilika rangi, kisha siku moja bomba linatoboka na pampu inavuta hewa. Mabomba ya plastiki ngumu au ya chuma kisichoshika kutu yangedumu. Aliyenunua yale alinunua ya bei nafuu. Fundi hakusema ni nani, na ukumbini hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Mwenyekiti wa kamati akaongeza lake. Kaya zilikuwa zinachanga kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, ila maji yalipoanza kuwa mekundu watu wakaacha kuchanga, wakarudi kwenye chemchemi ya bondeni ambako na ng'ombe wanakunywa. Kutoka klabuni hakuna aliyerudi kuwauliza kulikoni, maana Julai nyingine ilishafika na rais mwingine alikuwa na mradi wake.

Kisha daftari. Rotary International huiletea klabu ankara mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari, na huhesabu majina yaliyomo kwenye orodha siku ya kwanza ya mwezi huo. Kila jina linalipiwa, mtu awepo asiwepo. Mweka hazina akasimama kuisoma orodha. Wapo waliokwenda Dubai na hawana mpango wa kurudi, wapo waliohamishiwa Gulu na Mbarara, yupo na marehemu mmoja ambaye tulimzika wenyewe, tena tumevaa beji. Wote tumekuwa tukiwalipia. Halafu mweka hazina akageuza karatasi na kuendelea, na hapa ndipo palipochafuka, akasoma majina ya walio hai na madeni yao ya ada.

Wapo walioondoka kabla ya kengele ya kufunga. Usiku WhatsApp ikawaka: rais hana maono, rais kaaibisha watu, marafiki zetu wa klabu za ng'ambo watatuonaje, na kuna wenzetu walishaandaa wazo la wodi ya wazazi, mbona limewekwa kando?

Msimamo wangu huu hapa. Kwenye suala la mradi, Mama yuko sahihi, na natamani marais wengi wafungue mwaka wao hivyo. Kikao cha kwanza ndipo klabu inapojua kama mkufu umeenda kwa mtu wa kazi au kwa mtu wa picha. Kwenye kusoma madeni mbele ya wageni, hapo simfuati. Karibuni.

---

Arua_Mjini

Kibao kinang'aa, maji hayatoki. Huku West Nile tunavyo vya namna hiyo mpaka tumechoka, na si vya Rotary peke yake. Kila shirika lililopita kwa ajili ya wakimbizi limeacha chake. Nimekaa hapa, nafuatilia.

---

Mwana_Mbale

Katibu, heshima yako, lakini nakupinga waziwazi.

Mtu katoka kazini hoi, kawaacha watoto, kalipa ada, kalipa na chai ya hoteli ambayo bei yake unaijua, halafu anaketi kuonyeshwa bomba bovu? Kikao cha kwanza ni cha kuwasha moto. Rais asipowapa watu kitu cha kukimbilia mwezi Julai, ikifika Desemba anagongea kengele viti vitupu. Nimeyaona hayo. Kukarabati kisima ni kazi ya kamati, simu tatu imekwisha. Fundi angeweza kuja hata wiki ya nne. Na wale vijana wa Rotaract wanaokuja kuchungulia kama wajiunge na klabu ya wakubwa, siku hiyo wameona nini? Kutu.

Rais asiye na jambo lake mwenyewe hakumbukwi na mtu.

---

Katibu_Mashariki

Mkuu wa Mbale, kuhusu Rotaract umegusa penyewe, maana hao ndio waliobaki mpaka mwisho. Kuna binti mmoja wa uhandisi alimganda fundi kwa maswali mpaka wahudumu wakaanza kuondoa vikombe. Walionuna na kuondoka ni wakubwa zake.

Kuhusu simu tatu: hazijapigwa tangu kisima kilipokufa. Kila ukigusia, unaambiwa kile ni cha rais fulani, muulize yeye. Yeye naye anakwambia muda wake ulishaisha.

---

Boda_wa_Malaba

Mimi si mwanachama, nawapakia tu. Swali langu: meneja wa benki alitozwa shilingi ngapi?

---

Katibu_Mashariki

Elfu tano. Sawa na wengine. Hakuomba risiti.

---

Dada_wa_Jinja

Nami ni mwanachama, klabu ya huku Jinja, na nimewahi kushika hazina, kwa hiyo naongea kama mtu aliyewahi kukimbiza madeni ya ada.

Kuondoa majina hewa Julai ni wajibu wala si ukali. Ila angekuwa mwepesi zaidi angeanza Mei, akiwa bado rais mteule, kwa sababu ikishafika Julai 1 ankara imeshahesabiwa na wale wa Dubai mnawalipia nusu mwaka mwingine. Hilo mwambie Januari isimkute tena.

Kuhusu madeni ya walio hai, tuna maswali manne tunayasoma kila wiki hadi hatuyasikii tena. Herbert Taylor aliyaandika mwaka 1932 alipokuwa anajaribu kuinua kampuni iliyokuwa hoi kwa madeni, yaani yametoka kwenye mambo ya fedha haya haya. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, yatajenga nia njema na urafiki ulio bora? Je, yatawanufaisha wote wanaohusika? Deni la mtu kusomwa mbele ya wageni: swali la kwanza limepita. La pili labda. La tatu limeanguka chali. Mtu ukimwaibisha halipi, anahamia klabu ya jirani na huko anaanza upya na sifa nzuri.

Sisi tulikuwa tunapitia vikundi vya badi, yaani vikundi vidogo vya wanachama ndani ya klabu. Kila kikundi kina kiongozi, kiongozi anamwendea mdaiwa wake nyumbani au dukani, wanakunywa soda, wanapanga malipo ya kidogo kidogo. Hakuna aliyetangazwa na fedha iliingia.

---

Mhasibu_Ntinda

Nije kwenye wodi ya wazazi, maana naona watu wanamlaumu rais kwa kitu ambacho hata angetaka asingekitangaza siku hiyo.

Kama wanategemea ruzuku ya kimataifa ya Rotary Foundation, mfuko wa hisani wa Rotary, bajeti yake haiwezi kuwa chini ya dola 30,000. Lazima kuwe na klabu mwenza ya nchi nyingine. Na kabla ya ombi lazima ifanyike tathmini ya mahitaji pamoja na wananchi wenyewe, si wanachama wanne kukaa hotelini wakakubaliana kwamba kijiji kinahitaji wodi. Wameshaongea na mkunga wa kituo cha afya? Wameuliza nani atalipa umeme na nani atakuwa zamu ya usiku? Afya ya mama na mtoto ni moja ya maeneo saba ambayo Rotary inafadhili, kwa hiyo wazo si baya. Limekuja mbichi tu.

La pili ndilo kubwa. Ruzuku ikishatolewa, klabu inadaiwa taarifa. Taarifa zikichelewa, Foundation haipokei ombi jipya kutoka kwenu. Katibu, hebu tuambie: fedha za hicho kisima zilitoka wapi?

---

Katibu_Mashariki

Sehemu ilichangwa na wanachama, sehemu ilikuwa ruzuku iliyopitia wilaya yetu ya Rotary. Taarifa ya mwisho nimeitafuta kwenye faili la katibu aliyenitangulia, sikuiona. Risiti za pampu zipo. Za mabomba hazipo.

---

Mhasibu_Ntinda

Basi mmeshajijibu. Hapo hakuna wodi mpaka kisima kifungwe kwenye karatasi na kifunguliwe kwenye maji.

---

Mwana_Mbale

Hili la taarifa sikulijua, nakubali lina uzito. Bado nasema angeweza kuwapa watu matumaini kidogo. Hata sentensi moja kuhusu wodi.

---

Mzee_Entebbe

Watoto wangu, nimewasoma wote. Nitaandika kirefu, mnisamehe, uzee hauna haraka.

Huyu wa Mbale anasema rais asiye na jambo lake hakumbukwi. Mimi namwuliza: rais wa Rotary wa mwaka 1985 unamjua? Humjui. Lakini mwaka huo ndipo Rotary ilipoanzisha PolioPlus ya kutokomeza polio duniani, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa huru na virusi-mwitu vya polio. Katikati hapo ni miaka 35, na kila mwaka alikuwepo rais mwingine wa dunia, magavana wengine wa wilaya za Rotary, maelfu ya marais wa klabu. Kama kila mmoja angesema "ile polio ni ya mwenzangu, mimi naanza langu", wajukuu zangu wangekuwa wanatambaa.

Hapa kwetu tazameni mbio za saratani. Zilianza 2012 kwa ajili ya kituo cha saratani cha hospitali ya Nsambya, na kila Agosti watu wanavaa fulana wanakimbia. Ni marais wangapi wa klabu wameshapita hapo? Nenda ukaulize damu ya hospitali ya Mengo, utaambiwa kuna benki ya damu yenye jina la Rotary. Ya rais gani? Hakuna anayejali, mgonjwa anataka damu.

Na yupo Sam Owori wetu, wa klabu ya Kampala. Alichaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 na 2019. Angekuwa Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Julai 2017 akafariki, kabla hajavaa mkufu. Tulilia Uganda nzima. Nafasi ikachukuliwa na Barry Rassin wa Bahamas, na mwaka ukaenda. Kazi aliyokuwa ameifanya Owori ya kuzaa klabu mpya na kuzilea haikuhitaji awe na mwaka wenye jina lake.

Klabu ya Kampala ni ya mwaka 1957. Imemwona Mwingereza akiondoka, imemwona Amin. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke, na wengi wa wafanyabiashara hao ndio waliokuwa nguzo za vyama vya namna hii mijini. Siku hizo rais mpya hakuwa anatafuta mradi, alikuwa anatafuta nani amebaki. Kwa hiyo huyo mama yenu kusoma daftari, mimi limenigusa kwa namna nyingine. Ajue kwanza ana watu gani.

Madeni namwunga mkono dada wa Jinja.

---

Mpita_Njia_Busia

Mzee, shikamoo. Nami nina swali kwa katibu. Kikao mliendesha kwa lugha gani? Maana najua klabu nyingi ni Kiingereza mwanzo mwisho, hata kama mgeni haelewi.

---

Katibu_Mashariki

Sehemu ya rais na mweka hazina Kiingereza kama kawaida. Walipopanda mwenyekiti wa kamati na fundi, Mama akahamia Kiswahili, na maswali yakaulizwa kwa Kiswahili. Ukumbini tuna Wateso, Wajapadhola, Wasamia, Wagisu, Waganda na wageni wa upande wa Kenya, ungechagua lugha ya nani? Hata hivyo kuna mtu aliandika WhatsApp kwamba felowshipu imegeuzwa kituo cha polisi.

---

Mzee_Entebbe

Marahaba. Huyo aliyeandika hivyo ni rika langu, nambieni kama si kweli. Sisi Kiswahili tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Kampala mpaka leo yupo anayekisikia akashika mfuko. Lakini kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likataka kifundishwe shule za msingi na sekondari. Halafu tusisahau kwamba kabla ya mipaka ya Rotary kugawanywa tena, Uganda na Tanzania tulikuwa wilaya moja, 9211. Kwenye mikutano ya wilaya wenzetu wa Dar walikuwa wanaongea Kiswahili na sisi tunacheka pale tunapodhani pana mzaha.

---

Arua_Mjini

Mzee kanimaliza. Huku kwetu Arua Kiswahili hakina shida, sokoni ndicho. Katibu, leta mrejesho basi, bodi imesemaje?

---

Katibu_Mashariki

Nilikuwa nasubiri bodi ikae ndiyo niandike. Imekaa, nyumbani kwa Mama, kwa chai ya maziwa na mihogo, bure, maana kaondoa gharama ya hoteli kwenye vikao vya bodi.

Kisima: mabomba ya chuma yanatolewa yote. Kabla ya kununua mapya, maji yanapimwa kwanza, jambo ambalo inaelekea halikufanyika mwanzoni. Kijiji kinachagua kamati mpya yenye mweka hazina wake, na kaya zikubaliane upya mchango wa kila mwezi kabla pampu haijarudishwa. Mama alisisitiza hilo la mwisho kuliko mabomba yenyewe. Yule binti wa uhandisi kaingizwa kwenye kamati ingawa bado ni wa Rotaract, na wawili walionung'unika sana nao wameingizwa. Hiyo ni akili ya ualimu, mkorofi unampa kazi ya kufuta ubao.

Wodi: kundi lile limepewa ruhusa ya kwenda kituo cha afya kufanya tathmini kama mhasibu alivyoeleza, bila kumwahidi mtu yeyote chochote. Mmoja wao kakubali kwa shingo upande, wengine wameshapanga siku. Mwana Mbale, hiyo ndiyo sentensi moja uliyoitaka.

Madeni: niliyafikisha maoni ya dada wa Jinja nikiyaita "ushauri wa mwanachama wa klabu rafiki". Mama hakuomba radhi. Alisema tu kwamba kuanzia sasa yatakwenda kwenye bahasha, na viongozi wa vikundi vya badi ndio watakaozipeleka. Niseme pia kwamba tangu ule usiku wa aibu wapo waliolipa kwa mobile money, kimya kimya, hivyo mweka hazina haoni kwa nini tubadilishe utaratibu. Wamebishana kidogo.

Majina hewa yameondolewa. La marehemu tulisimama tukanyamaza kwanza, ndipo likafutwa.

Kilichobaki ni risiti za mabomba. Rais wa mwaka juzi amesema anazo nyumbani na atakuja nazo kikao kijacho. Mama kaiweka kwenye ajenda, namba mbili, mara tu baada ya wimbo wa taifa. Mhasibu, nimekutumia ujumbe wa pembeni kuhusu namna ya kuiandika hiyo taarifa kama risiti hazitakuja.